Bingwa Aliyeshika Kisu cha Kwato

Ukipita Kapsoya, hapa Eldoret, usikie mtu ananiuliza, "Mwalimu, bingwa wako anarudi lini?", tafadhali usinigeukie kutaka maelezo, endelea tu na safari yako. Aibu hiyo niliitafuta mwenyewe na kuikaribisha kwa vigelegele, na mpaka leo nikienda dukani kununua mkate nachungulia kwanza nijue nani yuko ndani. Lakini nyinyi ni marafiki zangu, na afadhali msikie kwangu kuliko kwa jirani yangu Mama Brayo, maana yeye kila akisimulia huongeza watu (mara ya mwisho kulikuwa na helikopta).

Mambo yote ni ya Meja. Meja ni farasi. Ndiyo, najua, mwalimu mstaafu, mjane, anaishi kwa ploti Kapsoya na anafuga farasi badala ya kuku kama watu wengine. Marehemu mzee wangu alikuwa mtunza farasi katika shamba moja kubwa upande wa Plateau, na mwenye shamba alipohama akamwachia Meja, akiwa tayari mtu mzima (Meja, ingawa hata mzee wangu), basi mzee akamleta nyumbani kwa miguu akimwongoza kwa kamba, mimi nimesimama kwa lango nimeshika kiuno. Niliapa siku hiyo kwamba huyo mnyama hatalala kwangu. Halafu mzee akafariki, na aliyenifanya niwe nikiamka asubuhi ni Meja, kwa sababu yeye hakujua mambo ya matanga, alijua tu saa ya nyasi imefika na akikosa anapiga debe teke mpaka mtaa mzima uamke. Nampenda. Kijana wangu aliye Nairobi husema niuze, na mimi humwambia simsikii vizuri, network ni mbaya.

Tena Meja ana kazi. Jumapili hubeba watoto wakizungushwa uwanjani, na zaidi ya hapo huitwa kukaribisha wakimbiaji. Hapa kwetu mtu akishinda mbio ng'ambo hashuki tu kwa ndege akaenda kulala. Kina mama humngoja na nyimbo, wanamnywesha mursik kutoka kwa kibuyu, yale maziwa yetu ya kuganda yenye rangi ya majivu, wanamvisha shingoni sinendet, ule mmea wa kutambaa ambao huvishwa mtu wa heshima, halafu msafara unaingia mjini na pikipiki na mavuvuzela, na Meja mbele akiwa na utepe. Farasi mwingine angekimbia na asionekane tena. Meja, kelele zikizidi, mdomo wa chini unalegea, macho yanajifunga nusu, unaweza kudhani yuko kanisani wakati wa mahubiri marefu.

Lakini mwonyeshe koti jeupe. Zamani kidogo alikuja mtu wa kumtibu, sitamtaja, na wasaidizi na kamba, wakamfunga, wakamsokota pua, wakamdunga kwa nguvu, na tangu siku hiyo Meja akiona koti jeupe au akinusa spiriti anageuka kuwa tingatinga. Alishawahi kuvunja mlango wa choo na kulikuwa na mtu ndani (mimi). Kwa hivyo alipokanyaga msumari akaanza kuchechemea, nilijua tuna shida mbili, msumari na daktari.

Nikamwita Daktari Akinyi, msichana wa upande wa ziwa anayefanya kazi huku, mrefu, mwembamba, mpole sana. Siku ya kwanza alikuja na koti lake jeupe kwa sababu nilisahau kumwonya, na Meja alimwona kutoka mbali akaruka ua kwa miguu mitatu akaangukia kwa sukuma wiki ya Mama Brayo. Daktari hakumfukuza. Alivua koti, akaliweka kwa gari, akasimama mbali akimwangalia anavyouinua ule mguu.

"Mama, kuna usaha ndani ya kwato," akaniambia. "Lazima nifungue utoke. Ukikaa utapanda mpaka kwa mfupa, na ukifika huko sitakuwa na kitu ya kukusaidia. Itabidi tumdunge ya mwisho."

Nikauliza kama hawezi kumpa dawa ya kumtuliza kwanza. Akasema hiyo dawa pia inaingia na sindano, na Meja hataki kuona hata mwenye kuibeba. Akanieleza kwamba farasi mwenye woga hupigani naye. Unamkaribia akiwa ametulia, unaacha kabla hajaogopa, unarudi nyuma, unamkaribia tena, mpaka aelewe kwamba hakuna ubaya. Kwa kawaida hiyo ni kazi ya wiki nyingi, akasema, lakini huo mguu hauna wiki nyingi.

"Huwa anatulia wapi sana?" akauliza.

Bila kufikiria nikamjibu, "Kwa kukaribisha wakimbiaji."

Nilingoja acheke. Hakucheka. Akasema, "Basi tumletee hiyo hapa nyumbani."

Ndiyo Jumamosi nikaita kina mama wanne wa kikundi chetu cha kanisa, wakiongozwa na Mama Chelimo, mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya bonde. Hao niliwaambia ukweli wote, kwamba tunamwimbia farasi ili atolewe usaha. Walicheka mpaka wakakaa chini, halafu wakaja, na kibuyu cha mursik mkononi na sinendet mbichi, kwa sababu Mama Chelimo alisema Meja si mjinga, ukimfanyia sherehe nusu atajua. Daktari nilikuwa nimempigia simu nikamwambia asije na koti wala harufu ya spiriti, avae kitu cha kawaida cha kupiga magoti kwa matope. Akaja na trakisuti ya mitumba, ya rangi za bendera yetu, na raba za kukimbilia, na nywele amefunga nyuma. Mimi nikamwangalia nikaona amevaa vizuri (ningekuwa na akili ningemrudisha abadilishe).

Tukamvisha Meja sinendet, nyimbo zikaanza. Jamani, yule farasi aliteremsha kichwa, masikio yakalala pembeni, mdomo ukalegea. Daktari akamkaribia, akamgusa bega, akarudi nyuma. Akamkaribia tena, akashuka na mkono mpaka kwa goti, akarudi nyuma. Meja akishtuka kidogo tu, yeye anasimama na kungoja, Mama Chelimo anapandisha wimbo, wanaendelea. Na alipofika kwa kwato, Meja aliuinua mguu mwenyewe akampa, kama mzee anayetoa mkono wa salamu. Nililia, siwezi kuficha. Daktari akauweka ule mguu kwa paja lake, akatoa kisu kidogo kilichopinda cha kukata kwato, akaanza kufungua.

Hapo ndipo kichwa cha Mama Brayo kikatokea juu ya ua.

"Mwalimu, mnakaribisha nani?"

Sasa muelewe. Mama Brayo alikuwa bado ana uchungu wa sukuma wiki. Isitoshe, yeye ndiye aliyekuwa akiambia watu kwamba tangu mzee wangu afe mimi huongea na farasi (ni kweli, lakini si lazima iambiwe watu). Nikimwambia tunamwimbia Meja, kabla sijafunga mdomo ingekuwa imefika sokoni. Kwa hivyo mimi, niliyefundisha somo la dini mpaka nikastaafu, nikafungua mdomo nikasema, "Ni mpwa wangu. Ametoka mbio za Japani. Ameshinda."

Kwa nini Japani, hata sijui. Redio yangu imetoka huko, nadhani ni hiyo.

Mama Brayo akapotea, na mimi nikadhani ameridhika, kumbe ameenda kubadilisha nguo. Akarudi kupitia langoni amevaa leso mpya, nyuma yake dada zake wawili, nyuma yao watu wa ploti yote, na njiani alikuwa amewaambia watu wa boda boda pale steji, nao wakaja wanapiga honi na kuinua gurudumu la mbele, na watoto, na wa kuuza mahindi choma ameacha jiko lake. Ua wangu ukajaa. Wengine wakapanda tangi la maji. Mwisho akaingia Mzee Kocha, ambaye hufundisha vijana mbio kwenye barabara za vumbi za murram nje ya Kapsoya, na kipaza sauti chake cha kuwafokea wakiwa wanapanda mlima.

Na kelele zilivyozidi ndivyo Meja alivyozidi kutulia. Kwake yeye hii ilikuwa siku nzuri kuliko zote.

Watu wakatafuta bingwa. Wakaona msichana mrefu, mwembamba, trakisuti ya rangi za bendera, raba zina matope, amepiga magoti kando ya farasi aliyepambwa. Wangetaka ushahidi gani tena? Walimnyanyua kutoka pale chini kabla hajafungua mdomo, wakamvua Meja sinendet wakamvisha yeye (Meja aliumia moyo, nilimwona), wakamweka mabegani. Daktari aliinua kile kisu juu kabisa ili asimkate mtu, na watu wakadhani hiyo ni ishara ya ushindi, wakashangilia zaidi. Kibuyu kikafika mdomoni, akanywa kwa sababu hakuwa na njia nyingine, na ilionekana wazi ndiyo mara yake ya kwanza. Mama Chelimo, ambaye alijua ukweli wote, alinitazama, mimi nikamtazama, na yeye badala ya kunisaidia akapandisha sauti.

"Medali iko wapi?" mtu wa boda boda akaniuliza.

"Imebaki kwa begi."

"Na begi?"

"Imebaki kwa ndege."

"Anaitwa nani?" akauliza Mama Brayo.

"Akinyi."

"Mpwa wako wewe anaitwa Akinyi, jina la watu wa ziwa?"

"Dada yangu aliolewa Kisumu," nikasema. Sina dada.

Hayo yote yangepita. Hapa Eldoret unaweza kudanganya watu kuhusu mambo mengi na wakakuachia, lakini si mbio. Mtoto wa chekechea atakuambia nani alikimbia wapi na alimaliza nyuma ya nani. Mzee Kocha akanikaribia polepole, mikono nyuma, akainamisha kichwa ili anisikie vizuri.

"Alikimbia kilomita ngapi, Mwalimu?"

"Zote," nikasema.

"Kwa muda gani?"

"Mfupi."

Mzee Kocha alinitazama vile humtazama kijana aliyekata kona mazoezini. Akanyoosha kipaza sauti kumpa daktari pale juu mabegani, akatangaza kwamba bingwa mwenyewe sasa atatuambia. Nyimbo zikashuka kidogo ili watu wasikie.

Daktari akakishika, na bila kuangalia mtu mwingine akaniangalia mimi. "Mama Mwalimu," akasema, na sauti yake ikasikika mpaka barabarani, "nimeacha kama kumefunguliwa. Asikanyage hapo chini."

Nikageuka. Meja alikuwa amesimama kwa miguu mitatu, ule wa nne ameuinua, na tundu lililofunguliwa linachuruzika. Chini yake kulikuwa na matope yaliyokorogwa na pikipiki, na mavi yake mwenyewe, na mabaki ya mahindi. Alikuwa ameanza kuchoka, mguu ulikuwa unashuka kidogo kidogo. Nikamkumbuka daktari akisema mpaka kwa mfupa. Mama Brayo na mbio na Japani yote yakatoka kichwani, nikabaki tu na hofu kwamba nitampoteza huyu mnyama kwa sababu niliona haya kutaja jina lake.

Nilipita katikati ya watu nikawa nawasukuma, nikanyakua kipaza sauti. Nikasema, "Nishushieni daktari." Nikasema huyu si bingwa, hajaenda Japani, si mpwa wangu, ni daktari wa mifugo, na tulikuwa tunamwimbia farasi wangu kwa sababu anaogopa sindano, na ana usaha kwa kwato, na tafadhali nishushieni daktari sasa hivi.

Walimshusha. Wakanyamaza, wote, hata pikipiki zikazimwa. Daktari alikimbia akateleza akafika chini ya Meja akaukamata ule mguu kabla haujagusa matope.

Lakini ule ukimya ndio uliotuharibia. Meja aliamka. Masikio yakaenda nyuma, jicho likaonyesha weupe, ngozi ya mgongo ikaanza kutetemeka, na daktari yuko pale chini ya tumbo lake, amekumbatia mguu wa farasi mzima. Teke moja tu na tungekuwa na wagonjwa wawili.

"Imbeni," daktari akasema kwa sauti ya chini. "Tafadhali. Mtu yeyote aimbe."

Hakuna aliyeimba. Watu wakishadanganywa hawana wimbo. Mama Chelimo alikuwa amejificha nyuma ya tangi la maji kwa aibu. Basi nikaanza mimi, peke yangu, ndani ya kipaza sauti cha Mzee Kocha, na mimi sauti yangu ni ile ya kuita darasa la tatu kutoka uwanjani. Meja akazidi kutetemeka.

Mama Brayo alikuwa amekunja mikono kifuani. Aliniangalia kwa muda, akamwangalia Meja, akamwangalia daktari pale chini.

"Mwalimu, hebu nyamaza, unatisha mnyama," akasema. Na akauchukua wimbo.

Dada zake wakaitikia, kisha watu wa boda boda, kisha ua mzima. Mimi sijawahi kuona watu wakiimba wakiwa wamekasirika namna ile. Walikuwa na nyuso za watu walioitwa kusuluhisha kesi ya shamba, hakuna aliyenitazama usoni, na waliimba wimbo wa shangwe kuanzia mwanzo mpaka mwisho, wakaurudia. Meja hana habari na nyuso za watu. Masikio yakashuka. Mdomo ukalegea. Daktari akamalizia kukata, na usaha ukatoka, na harufu ilikuwa mbaya hivi kwamba waliosimama mbele walianza kuimbia puani, lakini hawakuacha. Akaosha kwa maji ya chumvi. Akauliza kama kuna mtu ana daipa, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akatoa moja kwa mkoba, na Mzee Kocha mwenyewe ndiye aliyeshikilia mwanga wa simu huku daktari akifunga ile daipa kwa kwato na kuizungushia utepe wa gundi wa mafundi.

Meja akaweka mguu chini. Akaujaribu. Akaulalia uzito, polepole, kama mtu anayeingia maji baridi. Watu walijisahau wakapiga makofi, halafu wakakumbuka wamenikasirikia, wakaacha.

Mzee Kocha akachukua kipaza sauti chake, akakipangusa na kitambaa cha mfukoni kwanza. "Mwalimu," akasema, "mbio si kitu ya kuchezea." Nikasema ndiyo, Mzee. Mama Brayo aliondoka na leso yake mpya ina matope mpaka magotini. Daktari, akiwa bado na sinendet shingoni, akaniambia mguu umepona nusu, kwamba ile bandeji lazima ibadilishwe katikati ya wiki, na tena itabadilishwa baada ya hapo, na akauliza kwa upole kama nadhani watakuja kuimba.

Nilizunguka mlango kwa mlango nikiomba msamaha. Kwa Mama Brayo nilibisha, nikasikia televisheni inapunguzwa sauti, na hakuna aliyefungua, basi nikauambia mlango yote niliyokuwa nayo. Nimeapa tangu hapo, na niliapa nikiwa na akili timamu, kwamba sitaona tena haya kusema nampenda mnyama, kwa sababu hiyo haya ndiyo iliyonipeleka mpaka Japani.

Siku ya bandeji ilipofika nilifungua lango lote wazi, nikasimama hapo barabarani, na kila aliyepita nikamwambia kwamba farasi wangu anaogopa daktari, leo anabadilishiwa bandeji, anayeweza kuimba aingie. Wengine walicheka wakapita. Watu wa boda boda waliuliza kama na huyu ametoka Japani. Gari la daktari lilikuwa limeshaegeshwa, na Meja alikuwa amelichungulia akaanza kurudi nyuma, na mimi nilikuwa nimeanza kusafisha koo, nikiwa na hofu tupu, nilipoona Mama Brayo anakuja na leso yake iliyofuliwa. Hakunisalimia. Alinipita pale langoni, akamsalimia Meja, akamuuliza daktari kama yuko tayari, akaanza kuimba.